Mguu wa Kushoto wa Nassor

Guangzhou, Jumamosi, mwishoni mwa Novemba 1998

Kumepoa leo. Lile joto la kukaba limeondoka, jua limetoka jepesi, na hewa ya mtaa huu wa Liuhua inavutika kwa mara ya kwanza tangu nifike. Jumamosi kama hii, jioni kama hii, huwa sauti imeshanikauka kwa kelele za uwanjani. Leo sauti ninayo nzima, na hiyo ndiyo aibu yenyewe.

Nimepigwa na butwaa. Nimeketi kwenye duka la intaneti karibu na stesheni, vidole juu ya vibonye, na bado siamini kilichotoka kinywani mwangu asubuhi.

Nimemponda Nassor, mtoto wa kaka yangu, mbele ya watu waliokuja kumtaka. Na aliyekuwa akiwatafsiria maneno yangu ni yeye mwenyewe.

Ngoja nianze mbali kidogo. Ukurasa huu wa intaneti Nassor ndiye aliyenifungulia, kwenye chumba cha kompyuta cha chuo chao. Alisema mimi nina maneno mengi, niandike humu nipumue. Nikamuuliza nani atasoma, akacheka, akasema hakuna. Tangu hapo kila nikija kufunga mzigo wa viatu naandika: habari za mvua, habari za mawakala wa meli wanaosema kesho, na zaidi ya yote habari za mpira.

Mpira wa wanachuo, lakini. Ule wa kulipwa nimemwachia Papa Kalonji.

Papa Kalonji ni mfanyabiashara mwenzangu kutoka Lubumbashi, tunapanga hoteli moja, na timu ya mji ikicheza uwanja mkubwa hata mzigo wake uungue atakwenda. Haniachi kunitania. "Maman Rukia, weye unapenda mupira ya ba-étudiants. Twende siku moja uone mupira ya ba-professionnels."

Nilikwenda naye mara moja. Kulikuwa na taa, tarumbeta, bendera kubwa za kufunika watu. Winga mmoja alianguka bila kuguswa, akajiviringisha, na alipoona mwamuzi hamtazami akainuka kufunga kamba za viatu. Mzee aliyeketi nyuma yetu akasema jambo, watu wakacheka kwa uchungu. Kalonji akanieleza kuwa mzee anadai mechi imeshauzwa.

Lakini si hilo lililonishinda. Nilishindwa na nafsi yangu. Kila mchezaji aliyepita mbele yangu nilimpigia bei. Huyu ghali, huyu walinunua hasara, huyu angefaa kuchukuliwa kwa jumla. Jamani, siku sita za wiki nauliza bei. Ya saba nataka kutazama kitu ambacho hakina bei.

Na kitu hicho nilikipata nyuma ya majengo ya matofali mekundu ya chuo, ukishapita mtaa wa Kangle na cherehani zake. Majani ya uwanja yameisha kwenye malango yote mawili. Wachezaji wanakuja na baiskeli, daluga zimo kwenye kikapu. Timu ya wageni, anayochezea Nassor, ina golikipa wa Yemen, beki wa Mali anayesomea ujenzi, na kijana wa Nepal ambaye miwani yake ameifunga kisogoni kwa lastiki. Wiki moja wanacheza na watu wa kemia, wiki nyingine na watu wa lugha. Mtu akikosa goli la wazi anajishika kichwa kwa kweli, maana mwisho wa mwezi hakuna mshahara wa kumfariji. Mpira ukiisha, waliofunga na waliofungwa wanakwenda kula tambi pamoja.

Mimi hukaa kwenye ngazi za saruji, karibu na banda la baiskeli, na mwavuli wangu wa kijani. Nassor akifunga, kabla hajakumbatiwa na mtu, hunyoosha mkono kuelekea kwenye mwavuli. Nimesafiri miji mingi, na sijui kitu kingine kinachonifanya nisahau katoni.

Sasa kuhusu kazi yangu. Yeyote anayenunua mzigo Barabara ya Zhanqian anajua sheria ya kwanza: ukikipenda kitu, kiponde. Unakunja kiatu, unanusa gundi, unaguna, unakirudisha mezani kama vile kimekutukana. Laoban, yaani bosi wa duka, anaapa kwa watoto wake. Unamwambia "tai gui", ghali mno, unageuka kuondoka, na kabla hujafika mlangoni anakuita urudi. Nassor amekuwa mkalimani wangu katika mchezo huu tangu alipokuja kusomea udaktari. Nikisema soli hizi zitafumuka kabla meli haijafika Dar, yeye anatafsiri kwa uso mkavu kabisa, na njia nzima ya kurudi tunacheka.

Kwa hiyo kuponda nakujua. Kutokusifu ndiko kulikonishinda.

Mwezi huu, dukani kwa laoban Liang ninayechukua kwake viatu, tulikuwa tunakunywa chai huku katoni zikifungwa. Nassor hakuwepo. Nikaanza kumsimulia Liang habari zake, kwa Kiingereza changu cha sokoni na mikono yote miwili: anavyokimbia, anavyowaacha mabeki, goli alilofunga kwa kichwa. Nilisimama hata nikamwonyesha, mtu mzima mimi na buibui langu. Mdomo uliponza kichwa. Kumbe Liang ana rafiki kwenye timu moja ya kulipwa ya mji wa jirani.

Jumamosi iliyofuata wanaume wawili wenye makoti ya ngozi walisimama kando ya uwanja. Hawakupiga makofi hata mara moja. Walikuwa wanapiga bei. Nilizijua zile sura, maana ndiyo yangu nikiwa Zhanqian.

Baada ya siku chache Nassor akaja kuniambia wanataka kuonana na mkubwa wake. Wanataka aache chuo akiwa mwaka wa tatu, aende kwao mwakani. Aliyasema bila kucheka wala kununa. Na mimi, shangazi mtu, niliyebebeshwa huyu mtoto na kaka yangu kwa mkono wa kuaminiana, sikumuuliza yeye anaonaje.

Sikumuuliza.

Nilikuwa nimeshaamua moyoni. Nilijiambia natetea udaktari wake. Mpira wa kulipwa ungemtumia kama mzigo, ukamtupa akichakaa. Leo sina hakika tena. Huenda nilikuwa natetea Jumamosi zangu.

Tumekutana asubuhi kwenye mkahawa wa Waislamu wa huku, wale wanaovuta tambi kwa mikono. Alikuwepo Liang, wale wawili, mimi na Nassor. Nassor alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi. Jumamosi huyu huwa na kaptula tangu alfajiri. Shati lile lilikuwa linaniambia kitu, sikulisikiliza.

Mkubwa kati ya wale wawili alianza kusema, akasema sana, akimwonyesha Nassor kwa kiganja kilichofunguliwa. Nassor akageuka kwangu kutafsiri. Masikio yake yalikuwa yameiva. "Shangazi, anasema ameniona..."

Nikamkata. Nikasema tusipotezeane muda, mwambie aniulize mimi, mimi ndiye ninayekujua.

Basi nikaanza. Nilisema kijana huyu pumzi inamwishia mapema, dakika za mwisho anatembea kama amebeba gunia. Akatafsiri. Nilisema akipigwa kiwiko anakumbuka nyumbani. Akatafsiri. Nilisema mguu wake wa kushoto ni wa kupandia basi tu. Hapo mmoja wa wale wanaume alicheka, na Nassor akatafsiri mpaka mwisho, uso mkavu, kama tuko dukani. Mimi nikadhani tunaelewana. Wallahi nilidhani jioni tutacheka.

Kisha nikaona yule mkubwa bado hajanyanyuka, bado anamtazama Nassor kwa kutaka. Nikatoa la mwisho. Nikasema goti lake la kulia linavimba kila baada ya mechi, na halitapona.

Nassor akatazama bakuli lake. Halafu akasema kwa Kichina, polepole, kwa sauti ndogo, na nikajua ametafsiri kweli, kwa sababu mwanaume yule aliinama akalitazama goti lenyewe chini ya meza.

Yule mkubwa akasema "suan le". Hilo nalijua, ni neno la sokoni, maana yake basi tuache. Wakatupa mkono wa kwaheri, wakaondoka, Liang akiwafuata nyuma huku akiona haya kwa niaba yetu sote.

Na hapa niseme ukweli wangu. Sokoni, ukimpondea mtu bidhaa yake ukaondoka, unaitwa. Kuna kijisehemu cha moyo wangu kilitazama ule mlango kikingoja warudi waseme hapana, huyu na goti lake, huyu na mguu wake wa basi, tunamtaka hivyo hivyo. Nilitaka niwakatalie vizuri. Hawakugeuka hata shingo.

Nikamwambia Nassor, haya, yamekwisha, kula. Nilikuwa natabasamu. Mimi, Rukia, nilikuwa natabasamu.

"Shangazi," akasema, "nilikuwa nimeshawakataa. Tangu wiki iliyopita."

Sikuelewa. Akanieleza kwa utulivu wa daktari anayempa mtu habari mbaya. Aliwaambia anataka kumaliza masomo. Wao ndio waliong'ang'ania kumwona mkubwa, wakidhani wakubwa ndio waamuzi. Akawakubalia hilo tu.

Nikamuuliza sasa kwa nini alinileta.

"Nilitaka usikie wanavyonisifu. Ili umwandikie baba."

Kaka yangu, baba yake, hajawahi kumwona Nassor akicheza. Tangu mtoto yuko shule ya msingi alikuwa akisema mpira ni uvivu wenye jasho. Nami nalijua hilo kuliko mtu yeyote, maana ni mimi niliyekuwa nikimfichia daluga chini ya kitanda changu.

Tambi zilipoa mbele yetu. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo sikuitambua, mbona hakugeuza maneno. Kichina sikijui, angesema lolote. Angewaambia namsifu, na mimi ningejuaje?

"Wewe ndiye mkubwa wangu hapa. Nitageuzaje maneno yako?" Akainuka, akachukua mfuko wake wa daluga. Halafu akasimama. "La goti nilikwambia wewe peke yako, shangazi."

Ni kweli. Aliniambia safari iliyopita, nikiwa namchua kwa dawa ya Kichina inayonuka karafuu. Hata kocha wao hajui. Nilimwapia kuwa siri hiyo haitatoka.

Ulimi hauna mfupa, wazee walisema, nami nilidhani wanasema watu wengine.

Mchana nilikwenda uwanjani. Mwavuli sikuufungua. Sikuthubutu kukaa kwenye ngazi, nilijibanza nyuma ya banda la baiskeli kama mwizi, nikitazama kupitia kwenye magurudumu. Walicheza na watu wa kemia.

Alicheza mechi nzima. Nilingoja pumzi imwishie, haikumwishia. Alipigwa kiwiko kwenye kona, akainuka akakimbia. Lile goti alikuwa amelifunga bendeji nyeupe, mara ya kwanza kulifunga mbele za watu. Hakuna cha kuficha tena, nimeshakitangaza mimi. Kisha mpira ukamfikia pembeni, beki akamzibia upande wa kulia, kila mtu akajua atarudisha nyuma. Akaupiga kwa kushoto. Kipa wa kemia hakuinua hata mikono.

Wakamrukia, yule Mnepali miwani ikamdondoka. Nassor alijitoa kwenye mikono yao, akatazama kwenye ngazi za saruji. Hapakuwa na mwavuli. Mkono ulikuwa umeanza kuinuka. Akaushusha.

Sikupiga kelele. Nilikuwa nimeziba mdomo kwa mkono wangu mwenyewe, huo mdomo uliopaswa kuzibwa asubuhi.

Kwa miaka yote hii nawacheka wale wa uwanja mkubwa kwamba wanafanya mpira kuwa bidhaa. Leo watu wa kulipwa walikuja mezani wakiwa na sifa, na mimi mpenzi wa mpira wa bure ndiye niliyekuja na soko langu. Papa Kalonji nimekutana naye mlangoni mwa hoteli, akaniuliza ba-étudiants wamefanya nini. Nikampungia mkono, nikapita.

Barua ya kaka nimeshaiandika kabla ya kuja hapa. Nimemwambia: walikuja watu wa timu ya kulipwa, wakamtaka mwanao, na mwanao akawakatalia ili amalize udaktari. Walimsifu sana. Sijui walisema nini, sikuwaacha wamalize, hilo pia nimemwandikia. Zile sifa zimepotelea pale mkahawani kwa Kichina, na sina uso wa kumwomba Nassor anitafsirie.

Lakini zangu ninazo.

Nassor, ulisema ukurasa huu hausomwi na mtu. Sidhani kama ulisema kweli. Nilikuwepo leo. Nilikuwa nyuma ya baiskeli, na ule mguu wa kushoto niliuona.

Kesho nakuja hosteli kwenu, na dawa ya kuchua, nikwambie kwa Kiswahili, bila mkalimani katikati. Ukinifungulia mlango.