Mteja wa Kila Ijumaa

Gaborone, 12 Januari 2025

Baba mpendwa,

Assalaam alaikum, na shikamoo. Natumaini hujambo na goti limepoa. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila joto la huku halina huruma.

Ile programu ya kupanga bei niliyokuahidi, kama tunayotumia huku kiwandani, mchapaji wako Rogath ameshaiweka kwenye kompyuta ya dukani. Usiiogope. Mteja akija, andika anataka nini: ukubwa, aina ya karatasi, rangi, nakala ngapi. Yenyewe itapiga hesabu ya karatasi, wino, pleti za kuchapia, umeme na nakala zitakazoharibika, kisha itakupa bei. Ukimaliza, bonyeza "amekubali" au "amekataa". Hapo ndipo inapojifunza, maana ina akili mnemba: wateja wakikubali, inajua bei iko sawa, wakikataa, inarekebisha. Nakala ya kila kazi itanifikia, lakini jina la mteja linabaki kwako.

Nikiona kadi za kipaimara za Kibosho kwenye simu yangu nitajua msimu umeanza. Si kama kuwa nyumbani, lakini ni afadhali.

Mwanao,
Hadija


Moshi, 6 Aprili 2025

Mwanangu Hadija,

Waalaikum salaam, marahaba. Goti bado linanung'unika, ila mdomo ni mzima.

Mashine yako ni hodari, na haina haya. Zamani mteja alinililia shida mpaka nampunguzia. Siku hizi namgeuzia kioo cha kompyuta ajisomee mwenyewe, nami nakunywa chai yangu. Rogath anasema tangu aanze kuchapa hapa hajawahi kuniona nikishinda ubishi wa bei mpaka ilipokuja hii.

Idi imepita. Nilikula kwa jirani. Tangu mama yako atutoke sijajua kupika pilau ya mtu mmoja. Utakuja lini? Mwaka wa pili huu, na kila nikikuuliza unanijibu habari za mashine.

Baba yako


Gaborone, 3 Agosti 2025

Baba,

Assalaam alaikum, shikamoo. Unisamehe ukimya, kazi zimenizidi. Goti je? Dawa unakunywa?

Leo nina neno la dukani. Bei ya kadi inashuka kila wiki, nami nimeifuatilia. Kuna mteja anayekuja kila Ijumaa, mchana baada ya sala, anauliza kadi za mwaliko, karatasi nzito, maandishi ya dhahabu. Kila Ijumaa anakataa. Programu inadhani bei ni kali, inapunguza. Ijumaa ijayo anakataa tena, inapunguza tena. Sasa imeamini kwamba Moshi nzima hakuna mwenye uwezo wa kununua kadi! Kuna aliyechukua kadi za harusi kwa bei isiyofidia hata karatasi.

Ni nani huyo mteja? Mwambie anunue au aende zake.

Mwanao,
Hadija


Moshi, 10 Agosti 2025

Mwanangu,

Waalaikum salaam, marahaba. Dawa nakunywa.

Huyo mteja ni mimi.

Usinicheke. Nikitoka msikitini napita dukani, naandika ile kazi. Maneno nimeshayapanga: Mzee Hafidhi wa Majengo anakualika nyumbani kwake kumpokea binti yake Hadija. Napenda kuiona imekaa pale na bei yake, kama kazi ya kweli. Kisha Rogath ananiuliza, "Mzee, tuweke tarehe gani?" Sina. Kadi haichapwi bila tarehe, basi nabonyeza "amekataa". Kwenye mashine yako hakuna pa kubonyeza "anasubiri".

Sikujua kama naivuruga. Nitaacha. Lakini ujue bei haikunishinda hata siku moja. Nimekukumbuka mno, mwanangu.

Baba yako


Gaborone, 28 Septemba 2025

Baba yangu,

Assalaam alaikum, shikamoo. Barua yako niliisomea kazini, nikaenda kujifungia chooni nikalia. Ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Ile kazi ya Ijumaa siioni tena. Bei ya kadi imerudi mahali pake, na wala sijafurahi. Kila Ijumaa naangalia simu kama mjinga.

Nimekuwa nikisingizia kazi, baba. Ukweli ni kwamba naogopa. Mama alizikwa siku ile ile aliyofariki, kabla ya magharibi, nami nikiwa uwanja wa ndege wa huku nabembeleza tiketi. Sikumwona akitolewa nyumbani, kwa hiyo kwangu mimi bado yumo. Yuko jikoni anakoroga mtori, ananifokea nisidokoe nyama. Siku nitakayofungua ule mlango wa jikoni nisimkute, ndiyo siku atakayokuwa amekufa. Nipe muda.

Mwanao,
Hadija


Moshi, 5 Oktoba 2025

Mwanangu,

Waalaikum salaam, marahaba. Kumbe ni hivyo. Mimi nilidhani umenichoka.

Mlango huo naujua. Naufungua kila alfajiri nikachemshe maji ya chai, na kila alfajiri simkuti. Watu waliniambia nitazoea, wakanidanganya. Wewe unaogopa kumkosa mara moja. Mimi namkosa kila kukicha, na nikigeuka hakuna mtu wa kumwambia kwamba hayumo.

Sikulazimishi. Umri wako si wa kukokotwa. Huku mlima umejifunika tangu juzi, Rogath anasema vuli itawahi. Kula vizuri, naona kwenye picha umekonda.

Baba yako


Gaborone, 19 Oktoba 2025

Baba,

Assalaam alaikum, shikamoo.

Nimepewa likizo, na tiketi ninayo mkononi. Nafika Jumamosi, tarehe 13 Desemba, asubuhi mapema.

Siku hiyo usiende kuchemsha maji. Ukishaswali, kaa barazani unisubiri, huo mlango tuufungue pamoja.

Mwanao,
Hadija