Jina la Mama Wakesho Lilivyofutwa

Voi, Jumamosi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti limepoa na sasa unafika msikitini bila kushikwa mkono. Na Mama, kile kikohozi kimemwacha? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila moyo umenichafuka, na huku sina wa kumwambia.

Uliuliza kama jengo jipya la maktaba limefunguliwa. Limefunguliwa, Baba, na nimetoka pale nikiona kinyaa.

Mwezi uliopita mkubwa wetu wa ofisi aliniagiza niandike historia ya maktaba, kurasa mbili, wagawiwe wageni siku ya sherehe. Nilifurahi sana. Kila niliyemwuliza alinielekeza kwa Mama Wakesho, nesi mstaafu anayeishi Mbololo. Nikapanda kwake, akaniwekea chai na viazi vitamu, akanihadithia.

Vitabu vya kwanza vilikuwa sanduku moja tu, aliloachiwa na karani wa reli aliyehamishwa. Mama Wakesho akawa anawaazima wagonjwa waliosubiri zamu zahanati. Vilipozidi, mwenye duka mmoja wa mjini, mtu wetu wa pwani, alimpa stoo yake bure. Miaka na miaka alifungua stoo ile kila Jumamosi, akipigana na mchwa na panya, bila mshahara. Watu walitoka hata Makwasinyi huko mbali, wakalala kwa jamaa zao, kwa ajili ya kitabu kimoja. Ofisi ilipoichukua maktaba, aliambiwa asije tena kwa sababu hana cheti.

Niliyaandika yote. Mkubwa akachukua kalamu nyekundu, akamkata Mama Wakesho kila alipotajwa, na juu yake akaandika jina lake mwenyewe na la mheshimiwa mbunge.

"Lakini bwana, wakati huo wewe hukuwa hata Voi," nikamwambia.

"Riziki, kazi unaitaka?"

"Naitaka."

"Basi chapa."

Nikachapa, Baba. Kwa vidole hivi hivi. Tangu mambo ya vyama vingi yaanze, kila mkubwa anataka jina lake ukutani, lakini kumnyang'anya bibi kizee!

Siku yenyewe mheshimiwa alichelewa, akasomewa ule uongo, akatikisa kichwa kama mtu anayekumbuka. Kisha wakala pilau humo humo ndani. Mifupa waliisukuma chini ya rafu mpya, na mikono yenye mafuta wakaipangusia ile historia.

Mama Wakesho alikuja na gauni lake la kanisani. Askari akamzuia getini, eti jina halimo kwenye orodha. Nilipomfikia, tayari alikuwa amepewa karatasi na mtu.

"Mwanangu, miwani nimeisahau," akasema. "Mimi niko ukurasa gani?"

"Hupo, Mama. Wamekutoa. Na aliyechapa ni mimi."

Aliikunja taratibu. "Wajukuu wangu husema haya nayatunga. Nilitaka waone yameandikwa."

Akarudi barabarani. Hakunitusi, na heri angenitusi.

Asubuhi iliyofuata niliwahi ofisini kabla ya wengine, nikachapa historia ya kweli, nakala tatu kwa karatasi ya kaboni. Moja nilimpelekea nyumbani. Mjukuu wake wa kike akaisoma kwa sauti, na Mama Wakesho akatukatiza mara mbili kunisahihisha jina la yule karani. Ya pili niliipiga mhuri, nikaipa namba na kuiweka kwenye rafu kama kitabu chochote. Ya tatu imo ndani ya bahasha hii. Iweke vizuri, Baba, kwa maana ile ya rafuni jana mkubwa aliichana mbele ya wasomaji.

Jumatatu nimeitwa mbele ya kamati ya ofisi. Watauliza nani aliandika. Nitajibu ni mimi, ya kweli na ya uongo pia, na nitawaambia nani aliniagiza ipi. Wakinifukuza, na wanifukuze.

Nisalimie Mama sana, na kaka Omari huko kwenye useremala wake, na shangazi Mwanakombo aliyenifundisha kusoma. Nanyi niombeeni.

Ni mimi bintiyo, ambaye huenda nikabisha hodi kabla hujapata nafasi ya kunijibu,

Riziki