Jina Langu Halimo Kwenye Orodha

Jumapili, 10 Septemba

Kilomita thelathini na nne! Miaka sitini na miwili, na miguu bado inanitii.

Isipokuwa pale kwenye ya ishirini na nane, karibu na kiwanda cha matofali. Dunia ilizunguka. Nikakaa chini kando ya barabara kama mlevi. Wifi akanimwagia maji kisogoni, akanishika mabega mpaka macho yakatulia. Dakika tano tu. Nimemwomba asimwambie kaka yake. Mume wangu akisikia nimeanguka, mbio zimekwisha — atanifungia hata geti. Wifi akaapa. "Haya ni yetu, mimi na wewe." Sita zilizobaki tukazimaliza, yeye akihesabu hatua kwa sauti ili nisilegee.

Miezi kumi na moja tunakimbia pamoja. Mbio zenyewe ni za wawili wawili, kilomita hamsini, umri wa jozi usipungue mia na kumi, na lazima mvuke mstari mmeshikana mikono. Yeye sitini, mimi sitini na mbili. Tuna akiba!

Jumatano, 13 Septemba

Nimekwenda kwa daktari kimyakimya. Miaka thelathini na tano ya ukunga nimesikiliza mioyo ya watu — leo zamu yangu kulala kitandani na kubandikwa nyaya kifuani. Moyo mzima. Kilichopungua ni maji na chumvi, kasema. Kanipa barua: naruhusiwa kukimbia. Kabla sijatoka kauliza kama wanangu wanajua ninachofanya. Kana kwamba nimetoroka bweni!

Barua na fomu ya mbio nimempa wifi azipeleke. Shule anakofanya ukarani iko mtaa mmoja na ofisi ya mbio. Barua kaisoma mara mbili. Kaikunja vizuri, kaitia mkobani.

Jumatatu, 25 Septemba

Goti la wifi. Wiki ya pili sasa nakimbia peke yangu. Anasema alipumzishe, siku ya siku litakuwa tayari. Nimempelekea barafu na bandeji. Halijavimba hata kidogo. Nilipolibonyeza, kila mara alilalamika mahali tofauti. Nikajiambia, magoti ya watu wazima ndivyo yalivyo.

Mume wangu leo tena kaniamsha saa kumi na moja alfajiri, kanijazia chupa ya maji, kanisindikiza hadi getini. Mtu aliyeniita kichaa mwaka mzima! "Siku hizi unaruka kama swala," kasema. Nilikimbia nikicheka peke yangu barabarani.

Jumanne, 3 Oktoba

Orodha imebandikwa. Nimeisoma juu hadi chini, kisha chini hadi juu. Jina la wifi lipo. Jozi ya arobaini na saba. Pembeni yake — mwalimu wa michezo wa shuleni kwao. Miaka hamsini na mmoja. Jumla mia na kumi na moja. Wamevuka kizingiti kwa mwaka mmoja tu.

Langu halimo.

Nikadhani wamekosea. Dada wa ofisini akapekua faili zote mbele yangu, maskini, mpaka zile za mwaka jana. Fomu yangu haijawahi kufika pale. Wala barua. Ya wale wawili ililetwa tarehe kumi na nne. Kumi na nne! Siku moja baada ya mimi kumkabidhi zangu.

Kumbe goti lilikuwa linapumzikia uwanja wa shule kila jioni.

Jumatano, 4 Oktoba

Nimemfuata kazini kwake. Alikuwa anapiga mhuri ripoti za wanafunzi. Hakuacha kupiga.

"Siku ile uliniita mama," kasema. "Pale barabarani. Ulinikamata kanga ukaniita mama, wifi. Ulitaka nikuburute hivyo hivyo mpaka kaburini?"

Sikumbuki. Wallahi sikumbuki.

"Daktari kasema mimi mzima."

"Daktari hakuwapo."

"Ungeniambia basi!"

"Ungekubali?"

Nikamwuliza la goti. Mhuri ukasimama. Kaangalia dirishani. Mwalimu ana kasi, kasema, naye akaona labda mwaka huu wanaweza kushinda.

Hapo ndipo aliponichoma. Woga kwa ajili yangu ningeumeza, ukanikwama, ukashuka. Lakini alitaka na kombe.

Nyumbani nikaanza kumweleza mume wangu. Sikufika mbali. Kainamisha kichwa. Alijua! Tangu ile tarehe kumi na nne dada yake alimwambia yote — kuanguka, fomu, mwalimu. Na kila alfajiri kunijazia chupa. Swala! Kunivika kilemba cha ukoka mpaka getini!

"Ulikuwa na furaha," kasema. "Nikashindwa."

Wifi kaniondoa mbioni mara moja. Huyu kaniondoa kila asubuhi, siku ishirini.

Alhamisi, 5 Oktoba

Sikukimbia. Nimelala chumba cha wageni. Mume wangu kabisha hodi na chai. Nimeiacha ipoe.

Jumamosi, 7 Oktoba

Saa nne asubuhi. Wifi yuko sebuleni. Kaka yake ndiye aliyemfungulia, si mimi.

Mwalimu kateguka kifundo jana kwenye ngazi za shule. Mbio ni kesho. Kubadilisha jina mwisho leo saa sita mchana. Kaja na fomu, imejazwa yote isipokuwa sahihi yangu. Barua ya daktari imebanwa nyuma. Hakuitupa, kumbe.

"Sijaja kuomba msamaha," kasema. "Huo nitauomba kesho tukimaliza. Leo nimekuja kuomba miguu yako."

"Na nikianguka?"

"Nitakaa chini na wewe."

"Na kombe?"

Kaiweka kalamu juu ya fomu.

Nimeingia chumbani nikafunga mlango. Aibu yangu ni kwamba miguu inataka. Mapaja yanacheza yenyewe hapa nilipokaa. Miezi yote hii sijui kukimbia mbali bila kusikia pumzi zake upande wa kushoto. Kukimbia naye ningeweza. Ila ule mstari wa mwisho unataka mikono.

Saa tano na robo. Wanaongea huko, kaka na dada, sauti chini chini. Mume wangu anasema mwambie wewe atie sahihi. Yeye anasema wewe ndiye mumewe. Tena! Bado wananipanga!

Nimefungua mlango. Wote wawili wamenyamaza, kama watoto waliokutwa wanadokoa jikoni. Nikasimama. Kisha wifi akasukuma kalamu taratibu mpaka upande wangu wa meza.

Nikaichukua. Nikarudi nayo chumbani, fomu nikaiacha mezani.

Saa sita kasoro dakika ishirini. Kalamu ndiyo hii ninayoandikia.