Sauti Ambayo Ndugu Yangu Hakuitoa

Garissa, Ijumaa. Joto, na upepo wa vumbi tangu alfajiri.

Kosa la wengi wetu ni kudhani kwamba sauti haidanganyi. Karatasi tunaishuku, picha tunaigeuzageuza. Lakini ndugu akisikika kwenye simu, tumeamini. Sisi ni watu wa masikio.

Jana imani hiyo nusura imwage damu.

Kwenye kundi la ukoo la WhatsApp uliingia ujumbe wa sauti. Alikuwa kaka yangu Yusuf, msimamizi wa silanga yetu kule Ijara, bwawa tulilochimba pamoja na majirani na tunalonywesha mifugo kwa zamu. Alisema majirani wamevunja mapatano, vijana wakawazuie. Kikohozi chake kilikuwepo. Hata ile "wallahi" anayofungia kila sentensi.

Nikampigia. Akaitika mtu mwenye sauti kama ya chura.

"Nina homa tangu juzi, walaal, ndugu yangu. Hata mbuzi nikimwita haji. Sauti gani hiyo?"

Nimefundisha shule maisha yangu yote, basi nieleze. Mashine hulishwa rekodi za mtu: salamu za Idi, mawaidha, hotuba. Hujifunza anavyovuta neno, anapopumua, anapopandisha sauti, kama mchungaji anavyojifunza unyayo wa ngamia wake. Kisha mtu huandika maneno ayatakayo, na mashine huyatamka kwa sauti ile ile. Uso kwenye video hutengenezwa kwa namna hiyo hiyo. Unyayo unauona mchangani, ngamia hakupita.

Aliyefanya hivyo simjui bado. Ila rekodi tulimpa sisi wenyewe, kwa kutuma kila kitu kundini.

Nilidhani kukanusha kungetosha. Yusuf akatuma sauti yake halisi, inakwaruza. Mara Mahat, mwana wa marehemu kaka yetu na kiongozi wa vijana, akanipigia akicheka.

"Adeer, ami yangu, hii ya pili ndiyo feki! Hata haifanani na yeye!"

Ukweli ulikuwa mgonjwa. Uongo ulikuwa na afya njema.

Na vijana walikuwa wameshashika njia ya silanga.

Sikubishana naye. Nilimwambia ampigie Yusuf mwenyewe, amuulize habari za ngamia wa kitovu chake. Kwetu mtoto akizaliwa hutengewa ngamia, na wa Mahat alitolewa na Yusuf. Jambo hilo halijawahi kutajwa kundini.

Jioni Mahat alinisimulia jibu alilopewa na Yusuf, safari hii bila kicheko.

"Jike jekundu, sikio la kushoto limepasuka. Alipokufa kwa ukame ulikataa chakula, ukasema uzikwe naye. Niendelee, au umenitambua?"

Baada ya jibu hilo aliwageuza vijana wake. Majirani wakanywesha zamu yao.

Namshukuru Mungu, lakini sijatulia. Je, kama homa ingemnyima Yusuf hata ile sauti ya chura? Je, kama mtandao ungekatika, kama ukatikavyo kila mara? Leo baada ya sala nimekaa na watu wa nyumba yangu, tukachagua swali letu la kutambuana. Yusuf akipona nitashuka Ijara, tukae na wazee wa majirani pia, ili asiwepo wa kutugombanisha kwa midomo yetu wenyewe.

Nawe usingoje yakufike. Leo hii kaa na watu wako ana kwa ana, mchague swali moja ambalo jibu lake halijawahi kuingia kwenye simu.