Bakuli Nililolianika Dirishani

Mke wangu Zuhura,

Jumanne nilikwenda kwenye karakana yako. Bi Hester, mwajiri wako, alipiga simu kusema kwamba ile sahani kubwa uliyokuwa ukiibadilishia maji hadi ulipougua ugonjwa uliokuchukua imeishiwa chumvi na imekauka salama. Alitaka niione kabla haijapelekwa kwenye makumbusho ya pwani.

Utakumbuka jinsi nilivyoidharau kazi ile. Mimi, mwalimu wa sarufi kutoka Tanga, sikuona sababu ya mke wangu kushinda Johannesburg, mji usio na bahari, akiloweka vyombo vilivyopasuka. Ulinieleza bila kuchoka. Merikebu ya wafanyabiashara wa Kiholanzi ilikuwa safarini kwenda Mashariki ikapasuka kwenye miamba ya kusini mwa nchi hii. Ikasahaulika kwa karne kadhaa, mpaka wapiga mbizi walipoona mawe marefu yamelala mchangani, wakayagusa, wakajua kuwa ni mizinga. Chini ya mizinga kulikuwa na vyombo vya udongo vilivyofinyangwa Uholanzi.

Ulisema udongo uliokaa baharini muda wote huo umenywa chumvi mpaka ndani kabisa. Ukikaushwa ghafla, chumvi hugeuka chembe ngumu na kuibandua rangi yote. Kwa hiyo chombo hulowekwa katika maji baridi, yasiyo na chumvi, na maji hubadilishwa mwezi baada ya mwezi.

Jirani yetu wa mtaa wa Malvern, Mama Furaha, yule mshonaji Mkongo, alikucheka. "Sahani moja mwaka muzima, Mama Rehema? Kwangu ningekufukuza asubuhi."

Ulimjibu huku unacheka, "Wapiga mbizi wameitoa majini tu. Mimi ndiye ninayeitoa baharini."

Siku moja ulichovya kidole katika beseni ukaniambia nionje. Nilionja. Ilikuwa chumvi hafifu sana, chumvi ya bahari iliyowameza watu wa merikebu ile kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, nayo ilikuwa kwenye ulimi wangu. Sikukudharau tena tangu siku ile, ingawa sikukuambia.

Kisha ukapata homa ya siku chache, ukanituma nikabadilishe maji kwa niaba yako. Ulinikabidhi ufunguo wa karakana na kunionya nisiguse kingine chochote. Nilibadilisha maji kama ulivyosema. Lakini pembeni niliona bakuli moja dogo lenye maua ya samawati, safi kabisa, bado limo majini. Nyumbani kwetu chombo safi hakilazwi majini. Nikalifuta kwa kitambaa, nikalianika dirishani palipokuwa na jua, nikaondoka nikijiona nimekusaidia.

Uliporudi kazini, maua yalikuwa yamebanduka kama magamba ya samaki. Jioni ile nilikuambia nitakwenda kwa Bi Hester nikaseme kweli. Ulinikataza. Ulisema akijua umempa mtu mwingine ufunguo, atakufukuza. Kosa la mikono yako atalisamehe. Nilikubali haraka mno.

Hakukufukuza. Lakini ile safari aliyokuahidi, ya kwenda kusimama juu ya miamba na kupaona mahali merikebu ilipozama, alipewa msaidizi mwingine. Ulimfungia chakula cha njiani. Nilikuwa mezani, nikaendelea kusoma gazeti.

Jumanne Bi Hester aliigeuza sahani ile mbele yangu. Chini, karibu na ukingo, mfinyanzi aliacha alama ya kidole chake kabla udongo haujakauka. Mistari yote ya ngozi ingali pale. Nilisimama nikiitazama mpaka miguu ikaniuma. Moto wa tanuri haukuifuta, wala bahari haikuifuta, na mikono yako iliipitisha katika maji yote yale bila kuipunguza hata mstari mmoja.

Nikamwomba kadi ya bakuli dogo. Hakuuliza kwa nini. Kila chombo kina kadi yake, nawe unazijua kuliko mimi. Ilikuwa na tarehe za maji kwa mwandiko wako, na chini yake maneno ya Bi Hester: Limeharibika. Kosa la Zuhura.

Nilimweleza yote, tangu ufunguo mpaka gazeti. Alivua miwani. Kisha akasema kadi haifutwi. Hupigwa mstari, kisha huandikwa iliyo kweli. Akanipa kalamu. Mkono wangu, uliosahihisha madaftari ya watoto wa watu miaka yote ile, ulipiga mstari juu ya maneno yale. Nikaandika: Lilikaushwa juani na mumewe. Yeye alikuwa mgonjwa nyumbani. Nikatia jina langu kamili.

Bi Hester alisoma, akaniuliza kama nina hakika, kwa kuwa kadi hizi zitakuwapo sisi sote tukiwa hatupo.

Nikamwambia, "Ndiyo sababu nimeandika."

Pumzika, Mama Rehema.

Mumeo,
Baba Rehema