Namba Yangu Si Mimi

Wodi ya Mifupa,
Kitanda cha 9.
Jumatano, asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu,

Zima simu kwanza, ndipo usome.

Haya, hujambo? Wifi yangu hajambo? Kile kikohozi chake kimepoa? Sisi tunapumua, tunashukuru. Usicheke mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko.

Unakumbuka nilikuambia halmashauri imetupeleka sisi wapelelezi wa udanganyifu kwenye mafunzo ya usalama wa mitandao? Siku tatu kwenye ukumbi usio na feni! Mwalimu wetu, mama mfupi mkali, alitukataza kufungua simu kwa alama ya kidole. "Nenosiri liko kichwani," alisema, "lakini kidole kinashikwa kikabonyezwa." Nikacheka mpaka darasa zima likageuka. Nikamwambia atakayenishika mimi kidole hajazaliwa. Mdomo wangu unaujua.

Kumbe amezaliwa. Ijumaa mchana walikuja watatu na nondo, wakavunja mlango wa jikoni kwa mateke. Shemeji yako aliwakabili na kigoda. Walimpasua kichwa, akaangukia beseni la vyombo, maji yakawa mekundu. Mmoja nilimng'ata sikio mpaka kipande kikabaki mdomoni mwangu, na sijutii, mshenzi yule. Wakanilaza kifudifudi, wakaukanyaga mkono, wakavunja vidole vitatu, kimoja kimoja. Kidole gumba wakakiacha kizima, maana walikuwa na kazi nacho. Simu ikafunguka, wakaondoka nayo.

Shemeji yako ameshonwa nyuzi kumi na nane. Anaongea, anadai chai, ananilaumu mimi. Huyo hafi leo.

Ninayemhofia ni karani wetu. Yule dada aliyeona wakubwa wakighushi hati za viwanja, niliyekuletea umfiche kwako. Shahidi ni yeye peke yake, na kesi ni Jumatatu. Jina lake sikuliandika popote. Kwenye ujumbe wa simu nilikuwa nakuuliza tu, "Mgeni hajambo?" nawe unanijibu, "Hajambo." Ila hawa watu si wajinga, watayasoma hayo na kujiuliza ni mgeni gani.

Namba yako siijui kichwani, wala ya ndugu yeyote. Aibu iliyoje, mpelelezi mzima! Ndiyo maana barua hii inakufikia kwa mkono wa dereva wa lori la saruji. Ujumbe wowote kutoka namba yangu tangu Ijumaa si wangu, hata ukiitwa Kibiriti kama utotoni. Nilikuwa nakuita hivyo kwenye simu hiyo hiyo, jina hilo wameshaliona.

Nisalimie wifi, na mkwe wako wa ghorofani. Mungu awafunike wote mliomo humo ndani.

Dada yako akupendaye,
Mkubwa

N.B. Kama walikuuliza unakaa mtaa gani siku hizi, nawe ukawajibu, usikunje hata barua hii. Mtoe mgeni kwa mlango wa nyuma, sasa hivi, hata kama hajavaa viatu.