Mikono Mirefu

Jumatatu, 6 Mei
Mwalimu kaja kuchukua gauni lake. Aliagiza mikono mifupi – nimemshonea mirefu. Wiki iliyopita nilimfanyia hivyohivyo muuza maua. Bosi kashika kiuno: kwani humu ndani kuna baridi gani? Tukacheka wote. Bahati nzuri mirefu hupunguzika. Nikaomba radhi. Nikaomba tena. Bosi akasema basi, sasa unaniudhi. Nikaomba radhi kwa kumuudhi!

Miaka yote ya ndoa nguo zangu nilizishona hivyo, kufunika alama. Mkono umezoea.

Jumanne, 7 Mei
Dada anasema tangu nihamie kwake natembea kama mwizi. Hata kijiko nakiweka kisilie. Jioni shemeji kaangusha sufuria, nikajikuta nyuma ya mlango. Dada: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo afadhali – mimi sufuria!

Mume wangu kampigia dada simu. Eti amebadilika. Atakuja Jumamosi kunichukua. Dada kasema niamue mwenyewe. Nikamuuliza, wewe ungependa niamue nini? Machozi yakamtoka. Yangu hayakutoka.

Ijumaa, 10 Mei
Bosi kanipa kitambaa kilichobaki: jishonee gauni, ila mikono nakata mimi. Kakata mifupi, juu ya kiwiko. Nimelijaribu mbele ya kioo. Ngozi safi, alama zilishapona. Bado nikajikumbatia kujificha. Namficha nani?

Nimemwambia bosi: sirudi. Kasema haya, na kesho useme hivyohivyo.

Jumamosi, 11 Mei
Kaja. Viatu vinang'aa, kamletea dada matunda. Anapiga stori, shemeji anacheka mpaka anakohoa. Kama mgeni yeyote mwema.

Nikatoka na gauni langu. Nikasimama karibu na dada, nikasema sirudi. Nilisikika!

Hakukasirika. Kaniangalia mikono, taratibu, wa huku na wa huku. Akasema sawa mke wangu, tutaongea, ila kavae sweta kwanza, utapata baridi. Kwa upole kabisa. Nikasema ndiyo. Nikaja chumbani kuichukua.

Hakuna baridi. Dirisha liko wazi na jasho linanitoka. Dada ananiita kutoka sebuleni: mdogo wangu, vipi huko?

Mkono wa kulia ndio naandikia. Wa kushoto umeshaingia kwenye sweta.